Asilimia ya nini? Hesabu ya duka ambayo wengi wetu twaikosea

Jioni moja darasani kwetu hapa Mombasa kijana mmoja mwenye duka la leso kule Biashara Street alisimama akasema mwalimu mimi sielewi, nauza sana, wateja wanajaa mpaka nje, lakini mwisho wa mwezi kodi ya duka naikopa. Nikamwambia hebu nipe bei zako. Akasema doti moja anainunua 500 kwa jumla, anaongeza faida ya asilimia 40, anauza 700. Mteja akibembeleza sana, hasa wale wanaochukua nyingi za sare ya harusi, anawapa diskaunti ya asilimia 30, manake kwa hesabu yake 40 ukitoa 30 bado kumi yake ipo. Nikamwambia sasa toa simu, piga kalkuleta, asilimia 30 ya 700 ni ngapi? 210. Haya, toa kwenye 700. Ikaja 490. Darasa lote kimya. Doti aliyonunua 500 alikuwa akiiuza 490 na mteja anashukuru, na kila akipata oda kubwa ya harusi ndio hasara inazidi kuwa kubwa.

Yule kijana si mjinga wa hesabu, na hili nataka niliseme wazi manake watu wazima wengi huja kwetu wakiwa washajihukumu, tangu shule ya msingi waliambiwa hawana kichwa cha hesabu na wakaamini. Lakini angalia makanga wa matatu ya Mtwapa, abiria 14, huyu ashuka Nyali, yule Bamburi, mwengine ametoa elfu nzima asubuhi na mapema, na yeye chenji zote ziko kichwani hana karatasi wala kalamu. Hiyo ni hesabu tena ya kasi. Kinachotusumbua si kujumlisha na kutoa, ni kwamba asilimia tulifundishwa kama namba inayosimama peke yake, tukapewa kanuni tukaikariri, swali lenyewe likaachwa. Mtu akikwambia "mimi ni mtoto wa" alafu anyamaze, si utamuuliza wa nani? Asilimia nayo ni hivohivo. Arubaini ya kijana wetu ilikuwa ya 500, thelathini yake ilikuwa ya 700. Hizo hazitoani, ni kama kutoa kilo kwenye mita.

Mimi kazi yangu ni kufundisha hesabu za biashara chuoni, na jioni tunakuwa na darasa la wafanyibiashara, na nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kufundisha mpaka kieleweke basi ni hili swali. Asilimia ya nini, na kama ni pesa ya kukopa, kwa muda gani.

Tuanze na faida. Kwenye ile doti ya leso faida ni 200. Ukiigawanya kwa bei ya kununulia, yaani 500, wapata asilimia 40. Ukiigawanya kwa bei ya kuuzia, 700, wapata asilimia 28 na ushei. Zote mbili ni kweli, pesa ni ileile 200, lakini ukitaka kujua diskaunti yako iishie wapi ile inayokusaidia ni ya pili, kwa sababu diskaunti hukatwa kwenye bei ya kuuzia. Ukivuka 28 na nusu ushaanza kula mtaji. Na mtu akitaka kwenye kila shilingi 100 inayoingia dukani 30 iwe faida, wengi huchukua 500 wakaongeza asilimia 30 wakaandika 650. Hapo hajapata 30, amepata 23. Sahihi ni kugawanya, 500 gawanya kwa 0.7, inakuja 714. Kwa nini 0.7? Kwa sababu faida ikiwa 30 katika 100 ya mauzo, gharama ndio ile 70 iliobaki.

Sasa gharama zenyewe. Hapa ndio nataka tukae kidogo manake hapa ndipo pesa inapovuja. Tuchukue mama anayepika mahamri asubuhi. Bei ntakazotaja ni za mfano, wewe weka zako. Pakti mbili za unga wa kilo mbilimbili 380, apata mahamri kama 100, auza kumi kumi, mkononi ana 1,000. Akiulizwa faida atakwambia 620. Haya, na nazi? 100. Sukari 60, iliki na hamira 40, mafuta 150, makaa 80. Jumla yote ni 810, kwa hivyo kilichobaki ni 190. Alafu watoto wamekula manne kabla ya kwenda shule, na jirani amechukua manne ya deni ambalo halidaiki, hapo 80 imeondoka, amebaki na 110. Na ameamka saa tisa usiku. Sisemi awanyime watoto mahamri, hasha, nasema ayaandike, ili asije akaona pesa haionekani akadhani amerogwa au msichana wake wa kazi ni mwizi. Nyumba zimegombana kwa sababu ya hesabu ya nazi na mafuta ambayo hakuna aliyeiandika.

Kodi ya serikali nayo ni swali lilelile. VAT ya Kenya, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, lakini ya nini? Ya bei kabla ya kodi. Kitu cha 1,000 kinakuwa 1,160. Sasa mtu ana risiti ya 1,160 anataka kujua kodi ilikuwa ngapi, anapiga asilimia 16 ya 1,160 anapata 185 na senti 60, amekosea, kodi ilikuwa 160. Gawanya kwa 1.16 urudi kwenye 1,000 yako. Tofauti ya 25 na ushei kwenye risiti moja haiumi, ila muulize mwenye hadwea anayepitisha risiti mia kwa wiki.

Ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo ndio yafaa kuangaliwa vizuri zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 mpaka 3, kwa biashara zinazouza kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka. Watu wakisikia tatu waona ni kidogo. Lakini ni tatu ya mauzo, si ya faida. Kama biashara yako kwenye kila 100 inayoingia wewe unabaki na 19, ukitoa 3 hapo umetoa karibu asilimia 16 ya faida yako. Mwenye faida nono hataisikia, mwenye kuuza unga na sukari kwa faida ya shilingi 4 au 5 kwenye 100 ataisikia mpaka kwenye mifupa. Mama wa mahamri yeye akiuza 1,000 kwa siku, siku 300, ni laki tatu kwa mwaka, hajafika hata kwenye mlango wa kodi hiyo, kwa hivyo mtu asije akamtisha.

Mikopo. Kuna wale wanaokopa alfajiri pale Kongowea, wachukua 1,000 ya kununulia nyanya, jioni warudisha 1,050. Hamsini tu, ni kitu gani hamsini? Asilimia 5. Lakini 5 kwa siku moja. Ukifanya hivo siku 26 za mwezi umelipa 1,300 kukodisha elfu moja ambayo mpaka leo si yako. Nilipoliandika hili ubaoni dada mmoja muuza nyanya akaniambia mwalimu futa, nikamuuliza kwa nini, akasema nimefanya miaka minne. Sikufuta. Tulikaa tukapiga, akiweka kando shilingi 40 kila siku siku 26 anafika 1,040, yaani chini ya mwezi na nusu angekuwa na mtaji wake mwenyewe hata akikosa siku kadhaa.

Mikopo ya simu huwa kwa mwezi. M-Shwari ilipoanza mwisho wa 2012 ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shida ya siku kumi, mtoto kafukuzwa shule kwa karo, pengine ni sawa na rahisi kuliko shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali. Lakini mtu anayelipa na kukopa tena mwezi baada ya mwezi, 7.5 mara 12 ni asilimia 90 kwa mwaka. Usiilinganishe na benki inayosema 14 alafu ukaona ya simu ndio nafuu kwa sababu 7.5 ni ndogo kuliko 14. Moja ni ya mwezi, moja ni ya mwaka.

Na hata benki kwa benki uliza, hiyo riba ni ya deni lote nililochukua mwanzo au ya deni lililobaki? Laki moja, mwaka mmoja, asilimia 12. Ikipigwa kwa deni lililobaki utalipa kila mwezi kama 8,885, na riba yote mpaka mwisho haifiki 6,700. Ikipigwa kwa laki nzima mwanzo mpaka mwisho walipa 9,333 kila mwezi, riba 12,000. Asilimia ni ileile imeandikwa kwenye karatasi, pesa ni karibu mara mbili, kwa sababu mwezi wa kumi na moja bado walipia riba ya pesa ambayo ushairudisha.

Kuna wengi wetu hapa pwani hatutaki riba kabisa, na tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia kama Gulf African. Huko kwenye murabaha benki inakununulia friji 60,000 inakuuzia 69,000 ulipe kidogo kidogo. Halali na haramu waulizwe mashekhe, mimi si mahali pangu, ila hesabu bado ni yako kupiga, 9,000 juu ya 60,000, kwa miezi mingapi, kisha ulinganishe na friji hiyohiyo kwa kashi kule Mwembe Tayari.

Turudi kwa kijana wa leso. Tulimpigia gharama za duka, kodi 15,000, msaidizi 12,000, stima na mengineyo 3,000, jumla 30,000. Akiuza kwa 700 kila doti inamletea 200, yataka doti 150 ndio arudishe gharama, kama sita kwa siku. Akiteremka mpaka 600 kila doti yaleta 100, yataka doti 300. Shilingi mia moja tu ya kumridhisha mteja, kazi imekuwa mara mbili. Hili lilimuuma kuliko lile la 490.

Wajua wateja wa Mombasa, hakuna anayenunua bila kuuliza "bei ya mwisho ngapi?" Sasa yeye bei ya mwisho aliyokuwa akitoa ilikuwa yatoka mdomoni kulingana na mteja amekunja uso vipi. Siku hizi ana daftari. Kila mwanzo wa mwezi hukadiria atauza doti ngapi, agawanya ile 30,000 kwa hizo doti, aongeza 500. Mwezi wa kawaida doti 200, kwa hivyo 150 juu ya 500, bei ya mwisho ni 650 na hateremki hata aitwe bakhili. Ikikaribia Idd doti zafika 300, hapo anaweza kushuka mpaka 600 na mtaji haujaguswa.