"Paradox": ngumi za baba asiyejua kupigana

Wanafunzi wangu wa mapigano ya kamera kila mwaka huja na ubishi uleule: steringi gani mkali kuliko wote? Siwajibu. Nawawekea "Paradox", muvi ya Hong Kong ya 2017 iliyoongozwa na Wilson Yip, nawaambia wamtazame Louis Koo, mtu ambaye hata hakukulia kwenye kung fu.

Koo ni Lee, polisi wa Hong Kong mwenye binti wa miaka 16. Binti kashika mimba, anataka kuolewa. Baba anamkamatisha kijana aliyempa mimba, na mimba inatolewa. Binti anaondoka kwenda Pattaya, Thailand, anatoweka, na nyuma ya kutoweka kwake kuna watu wanaouza viungo vya binadamu. Baba anapofika huko kumtafuta, ana hasira na wahalifu lakini ana hasira zaidi na nafsi yake. Ukilikosa hilo, ngumi zake zitakuchosha.

Mapigano kayapanga Sammo Hung, mkongwe aliyelelewa kwenye shule ya opera ya Peking huko Hong Kong pamoja na Jackie Chan na Yuen Biao. Mkononi alikuwa na mafundi wawili wa kupigana, Wu Yue wa China na Tony Jaa wa Thailand. Fundi unampa nafasi: kamera inarudi nyuma ili tumwone kuanzia unyayo hadi utosi, hakuna ujanja. Asiye fundi unamsogelea. Unamkata kwa picha fupifupi, unampiga picha kutokea nyuma ya mgongo wa mwenzake, na mateke magumu anapewa mbadala, yaani mtu anayepigana badala yake.

Maana ngumi ya kamera kwa kawaida haigusi. Inapita kama upana wa kiganja mbele ya uso, kamera imejificha nyuma ya bega la mmojawao, pengo halionekani. Anayeuza pigo, yaani anayelifanya lionekane la kweli, ni mpigwaji. Kichwa chake kikichelewa kidogo tu, watazamaji wanacheka. Ule mlio wa mfupa unapandikizwa baadaye studio.

Sasa mbadala anaweza kukukopesha miguu, uso hakukopeshi. Hapo ndipo Koo anapowashinda mafundi. Aliyefunzwa akishapiga hurudi kwenye msimamo, mikono juu, pumzi imetulia, mwili umezoea. Lee hana pa kurudi. Anapiga huku mabega yameinama mbele, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani, kisha anaingia tena bila kujikinga. Mwalimu wa dojo, ukumbi wa mazoezi ya karate, angempigia kelele. Mimi nasimamisha picha hapo na kuwaacha darasa waangalie.

Mwaka 2018, kwenye Tuzo za Filamu za Hong Kong, Koo alichukua ya mwigizaji bora wa kiume na Sammo akachukua ya mapigano bora. Haki yao.

Lawama yangu moja: Tony Jaa. Ukimwona kwenye posta unajua umepata muvi ya Tony Jaa, kumbe anapita tu. Kama umekuja kwa ajili yake, utadai nauli yako.

Ukiipata, itazame kama kawaida. Halafu rudia mapambano ya Lee ukiwa umezima sauti kabisa, usiangalie ngumi. Angalia mabega.