Weusi wa mtutu si rangi ya kupaka

Wengi hudhani weusi wa mtutu wa bunduki ni rangi iliyopakwa, na kwamba unatosha kuzuia kutu. Sivyo. Katika njia ya zamani ya kuchemsha, weusi huo ni kutu yenyewe iliyogeuzwa. Chuma husuguliwa kwa msasa namba 320, huondolewa mafuta yote, hupakwa dawa ya kuotesha kutu na kuachwa penye unyevu kwa saa kadhaa. Kisha huchemshwa dakika 15 hivi katika maji yaliyokenekwa (yaani ya mvuke uliopozwa): kutu nyekundu hugeuka nyeusi. Futa vumbi lake kwa stilwaya laini, urudie kuanzia kupaka dawa, mara 5 hadi 8.

Hapo kwenye stilwaya ndipo kazi nyingi huharibika! Ikiwa mpya huwa na mafuta, nayo huacha mabaka yasiyoshika weusi; ioshe kwanza. Tabaka la weusi lina vitundu vidogo mno, hivyo lisipopakwa mafuta hupitisha unyevu, na kutu nyekundu hurudi.