Je, wajua ni nani aliyelala chini katika picha ya Muhammad Ali?

Katika duka moja la kinyozi lililopo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, imebandikwa juu ya kioo picha iliyokaa pale muda mrefu hata pembe zake zimejikunja. Aliyesimama ni Muhammad Ali, amevaa kaptura nyeupe, mkono wa kulia ameukunja mbele ya kifua, na kinywa kimefunguka kana kwamba anamkaripia mtu. Mbele ya miguu yake amelala chali mwanamume mwenye kaptura nyeusi, mikono yake imetupwa kichwani. Hivi karibuni mtoto wa miaka kama tisa, aliyekuwa akinyolewa, aliinua kidole akauliza: "Babu, na huyu aliyelala nani?" Mzee aliyemleta akamjibu bila ya kuinua macho kwenye gazeti lake: "Huyo? Huyo kapigwa tu, mjukuu wangu."

Jibu hilo nimeondoka nalo dukani, kwa sababu aliyelala pale aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa ngumi wa uzito wa juu, na katika zama zake hapakuwa na mtu aliyeogopwa ulingoni kama yeye. Jina lake ni Charles Liston, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sonny. Imekuwaje basi mtu aliyeshinda mapambano 50 na kushindwa manne tu akumbukwe kwa zile sekunde chache alizolala chali?

Tuanze na picha yenyewe. Ilipigwa tarehe 25 Mei 1965 na Neil Leifer, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akilifanyia kazi jarida la Sports Illustrated, katika ukumbi mdogo wa michezo mjini Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, ambako walihudhuria watazamaji 2,434 tu. Wengi wanaoitazama hudhani kwamba Ali anasherehekea ushindi. Sivyo. Ali anampigia kelele mwenzake ainuke wapigane. Mwamuzi, Jersey Joe Walcott, ambaye naye aliwahi kuwa bingwa wa uzito huohuo, alishughulika kumsogeza Ali aende kwenye kona yake hata hesabu ya sekunde kumi, anazopewa aliyeangushwa ili ainuke, ikavurugika. Na jambo ambalo picha haiwezi kutuonyesha ni kwamba Liston aliinuka. Alisimama kwa miguu yake na pambano likaendelea kwa muda mfupi, mpaka Walcott alipoitwa kutoka kando ya ulingo na kuambiwa kwamba sekunde kumi zilikwisha kupita zamani, ndipo akarudi na kulisimamisha. Kamera ilimdaka chini, na chini ndiko alikobaki kwa miaka yote hii.

Kwetu sisi Wazanzibari picha ile ilikuwa na nguvu zaidi kuliko kwingine, na sababu yake ni ya kihistoria. Ali alimnyang'anya Liston ubingwa katika pambano lao la kwanza, mjini Miami Beach tarehe 25 Februari 1964, wiki sita tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Baada ya Mapinduzi mchezo wa ngumi ulipigwa marufuku visiwani, na marufuku hiyo ikadumu kwa miongo mingi hadi ilipoondolewa chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya Unguja na Pemba viliijua ngumi kwa redio, kwa magazeti na kwa picha za ukutani, si kwa kukaa kando ya ulingo na kuona jasho la bondia likiruka. Anayeijua ngumi kwa picha moja humjua aliyesimama. Ali tulimpenda, jina lake lilikuwa letu, na mwaka 1980 alifika hata Dar es Salaam. Huyo mwingine hakuna aliyetuletea habari zake.

Wala yeye mwenyewe hakuweza kuzileta, kwani hakujua kusoma wala kuandika. Alizaliwa katika familia ya wakulima masikini wa pamba, jimboni Arkansas, mmoja kati ya watoto 25 ambao baba yao aliwapata kwa wake wawili. Tarehe ya kuzaliwa aliyoitumia ni 8 Mei 1932, lakini cheti hakuwa nacho, na wengi waliomfahamu waliamini kwamba alikuwa na umri mkubwa zaidi. Jambo hili halitamshangaza mtu wa kwetu, ambako wapo wazee wanaohesabu miaka yao kwa matukio, kwamba fulani alizaliwa mwaka wa vita na fulani alikuwa anaota meno siku ya Mapinduzi. Lakini waandishi wa Marekani waliligeuza kuwa jambo la kushuku na la kuchekwa. Liston mwenyewe alisema kwamba kitu pekee alichopewa na baba yake ni kipigo.

Makosa yake ni ya kweli na sioni sababu ya kuyafunika. Alipomfuata mama yake katika mji wa St. Louis akiwa kijana, aliingia katika unyang'anyi, na mwaka 1950 akafungwa katika gereza la Jefferson City, ambako kasisi mmoja wa gereza ndiye aliyemtia katika ngumi. Alitoka mwaka 1952 na mwaka uliofuata akaanza kupigana kwa kulipwa. Mwaka 1956 alimpiga askari polisi, akamuumiza mguu na kumchukulia bastola, akahukumiwa miezi tisa. Mikataba yake ilishikwa na watu wa magenge ya uhalifu, akina Frankie Carbo na Blinky Palermo, na mwaka 1960 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikichunguza mkono wa magenge hayo katika ngumi. Watu aliowapora na askari aliyemuumiza nao walikuwa na haki ya kukumbukwa, na yeyote anayemtaja Liston leo kwa kumsifu tu anawadhulumu hao.

Hata hivyo, kuna tukio moja katika maisha yake ambalo kila nikilisoma hunikaa moyoni kuliko pambano lolote. Tarehe 25 Septemba 1962, mjini Chicago, alimwangusha Floyd Patterson, bingwa wa wakati huo, katika raundi ya kwanza, dakika mbili na sekunde sita, akawa bingwa wa dunia. Siku iliyofuata alipanda ndege kurudi Philadelphia alikokuwa akiishi. Ndani ya ndege alikaa na mwandishi wa habari aliyekuwa rafiki yake, akimweleza maneno atakayowaambia watu watakaokuja kumpokea: kwamba yaliyopita yamepita, kwamba atakuwa bingwa wa kuheshimika, kwamba watoto wataweza kumtazama. Alikuwa akiyarudiarudia kama mwanafunzi wa chuoni anayejiandaa kusomeshwa mbele ya wazee. Ndege ikatua, mlango ukafunguliwa, akatoka juu ya ngazi. Chini hapakuwa na umati. Palikuwa na waandishi wachache, wapiga picha na wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Yule mwandishi alisimulia baadaye kwamba aliyaona mabega ya Liston yakishuka, na kwamba kwa muda alisimama pale juu bila ya kusema neno, kisha akajinyoosha, akateremka.

Fikiria vile tunavyompokea hapa mtu wa kwetu aliyerudi na kikombe, hata kikiwa cha mashindano ya kuogelea: magari, ngoma, watoto wanaokimbia pembeni. Mji mzima uliamua kwamba yule si bingwa wake. Nakubali kwamba mji ulikuwa na sababu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kugombana sana na polisi wa pale, lakini siamini kwamba mtu aliyeandaa hotuba ile alikuwa mtu yuleyule aliyeelezwa magazetini. Mwaka uliofuata alimpiga Patterson tena, tena katika raundi ya kwanza, na bado hakupendwa.

Halafu akaja Ali, aliyekuwa bado anaitwa Cassius Clay, kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko mikono yake, naye akamwita Liston dubu mbaya wa sura mbele ya kamera zote. Mpiganaji asiyejua kusoma alikuwa ameingia vitani na mtu aliyetunga mashairi. Miami, Liston alibaki kwenye kiti chake baada ya raundi ya sita, akisema bega limeumia, na Lewiston akaanguka kwa ngumi ambayo wengi waliokuwepo hawakuiona. Tangu hapo zikaenea tuhuma kwamba matokeo yalipangwa na kwamba alijiangusha, na hakuna aliyewahi kulithibitisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka 1954, mjini Detroit, bondia huyuhuyu alivunjwa taya na Marty Marshall, akaendelea kupigana na taya lililovunjika mpaka kengele ya mwisho, akashindwa kwa pointi. Anayemwita mwoga inampasa aitaje na siku hiyo.

Pambano lake la mwisho alishinda, Juni 1970. Tarehe 5 Januari 1971 mkewe, Geraldine, alirejea Las Vegas kutoka safarini akamkuta amefariki chumbani. Magazeti na chupa za maziwa vilivyorundikana mlangoni ndivyo vilivyotumika kukadiria siku, na cheti kikaandikwa 30 Desemba 1970. Ndani ya nyumba polisi walikuta heroini, ingawa rafiki zake walisema kwamba alikuwa mtu wa kuogopa sindano kupita kiasi, na taarifa rasmi ikataja mapafu yaliyojaa na moyo ulioshindwa kufanya kazi. Aliyekuwa hana siku ya hakika ya kuzaliwa akakosa pia siku ya hakika ya kufa.

Mwaka 1991 aliingizwa katika orodha ya heshima ya kimataifa ya mabondia, na mabondia wenyewe hawakuhitaji kukumbushwa. George Foreman, yule aliyepigana na Ali Kinshasa mwaka 1974, alifanya mazoezi na Liston alipokuwa kijana, na hadi uzeeni alimtaja kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu. Tumelelewa katika mafundisho yanayotutaka tuyataje mema ya waliotutangulia, na nadhani kwa Liston wajibu huo ni mgumu kwa sababu mema yake hayakupigwa picha. Ya uwanja wa ndege wa Philadelphia hayabandikwi juu ya kioo cha kinyozi.

Kaburi lake lipo Las Vegas, jirani na uwanja wa ndege, hivyo ndege hupita juu yake mchana na usiku. Kwetu makaburi mengi hayana maandishi, ni mashahidi mawili tu, moja kichwani na moja miguuni, na aliyezikwa anajulikana na waliomzika. Lake lina bamba dogo lililolazwa ardhini. Limeandikwa jina lake, miaka 1932 na 1970, na chini yake maneno mawili mafupi ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu yanatosha kuwa neno moja. Nimejaribu kumfasiria mtoto yule tulipokutana tena pale dukani, nikasita kati ya "mwanamume" na "mtu". Nikachagua "mtu".