Kuchuja plazma siyo dialisisi

Mgonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaopoozesha mwili, akifika wodini, ndugu zake huwa wameshaambiwa mtaani kwamba "atasafishwa damu", na macho yote yako kwenye chumba cha dialisisi. Dialisisi haimsaidii. Kinachoshambulia neva zake ni kingamwili, nazo ni kubwa mno kupenya matundu ya kichujio cha figo: yurea, taka ndogo ya mwilini, inapita, kingamwili zinabaki. Inatakiwa mashine ya kutenganisha plazma, yaani majimaji ya damu yaliyobeba kingamwili hizo, au kichujio maalumu chenye matundu makubwa zaidi.

Kwanza hakikisha ugonjwa ndio huo. Huku Mtwara tunaijua konzo, ile ya mihogo michungu isiyoondolewa sumu vizuri. Nayo hupoozesha miguu ghafla, lakini miguu inakakamaa, na goti likigongwa kwa nyundo linaruka kupita kiasi. Kwenye Guillain-Barré kwa kawaida miguu inalegea na goti halijibu. Konzo haichujwi.

Sasa hesabu. Mtu wa kilo 60 mwenye himatokriti (sehemu ya damu iliyo chembe) 0.40: lita 0.065 za damu kwa kilo × 60 × 0.60 iliyo plazma, yaani plazma lita 2.3. Ukibadilisha kiasi hicho chote unaondoa kama 63% tu ya kingamwili zilizo kwenye damu, kwa sababu majimaji mapya yanajichanganya na ya zamani wakati unaendelea kutoa. Halafu karibu nusu ya kingamwili ziko nje ya mishipa ya damu na hurudi taratibu. Ndiyo maana tunaruka siku, kwa kawaida mara tano ndani ya wiki mbili, jumla mililita 200 hadi 250 kwa kila kilo. Anayeanzishiwa ndani ya wiki mbili za mwanzo ndiye anayefaidika zaidi.

Plazma iliyotoka hufidiwa kwa albumini (protini ya damu) ya 5%. Ukiwa na chupa za 20% za mililita 100, kila moja iongeze mililita 300 za saline 0.9%, chupa sita zinakupa lita 2.4. Usithubutu kuzimua kwa maji ya sindano. Chembe nyekundu zitapasuka, na kosa hilo limewahi kuua.

Mgonjwa akisema midomo inamwasha au vidole vinapata ganzi, ni sitrati, dawa inayozuia damu kuganda mashineni, imeshika kalsiamu yake: punguza mwendo wa mashine, mpe kalsiamu glukoneti polepole. Plazma ikigeuka ya pinki kwenye mfuko, shinikizo kwenye kichujio limezidi na chembe zinavunjika. Enalapril na dawa za presha za kundi lake zisimamishwe saa 24 kabla, la sivyo presha inaweza kuporomoka. Dawa nyingine mpe baada ya kuchuja, siyo kabla. Utazimwaga pamoja na plazma.

Imunoglobulini ya mshipani (kingamwili kutoka kwa wachangia damu), gramu 0.4 kwa kilo kwa siku 5, inafanya kazi sawasawa na haihitaji mashine. Ikipatikana mimi naanza nayo. Ila usimchuje mtu uliyetoka kumpa hiyo, utakuwa unatupa pesa. Steroidi peke yake haisaidii.

Kama mgonjwa anapelekwa Dar es Salaam, kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Kabla ya kumpakia, mwambie ahesabu kwa pumzi moja. Akishindwa kufika 20, kifua kimeanza kuchoka, hata kama oksijeni kidoleni inasoma 97. Namba ya oksijeni huanguka mwishoni kabisa. Huyo asafiri na mtu anayeweza kumwekea mpira wa kupumulia kooni wakiwa njiani, na suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, isiwemo kwenye begi lake.