Usitupe filta ya kwanza: ukaguzi wa chembe za metali baada ya injini kufanyiwa ovahoo

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha ukaguzi wa injini kimepokea malalamiko mengi ya wamiliki wa daladala na malori ambayo injini zake zilifanyiwa ovahoo, yaani zilifunguliwa na kufungwa upya, zikawaka vizuri, kisha zikanoki, yaani zikaharibika kwa ndani, kabla fedha ya matengenezo haijarudi mfukoni. Mlalamikaji hufika na risiti za vipuri, picha za injini ikiwa wazi, na maelezo marefu kuhusu tabia za fundi wake. Tunapouliza iko wapi filta ya oili ya kwanza, ambayo hunasa chembe za metali za sehemu inayosagika, huambiwa ilitupwa. Hapo sisi hubaki na maneno ya pande mbili, na maneno hayashiki kwenye sumaku.

Isipokuwa pale kitabu cha mtengenezaji kinaposema vinginevyo, tunashauri oili na filta vya injini iliyofungwa upya viondolewe mara ya kwanza baada ya injini kunguruma takriban nusu saa, mara ya pili kwenye kilomita 500, na mara ya tatu kati ya kilomita 1,000 na 1,500. Tunajua wengi huona ratiba hii ni ujanja wa kuuza oili, na swali la “oili bado safi, niimwage ya nini?” tumelijibu mara nyingi mno. Oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi ndani ya siku chache za kazi na ikawa nzima, ilhali oili yenye rangi ya asali huweza kuwa imebeba vipande vya beringi. Tunaomba hoja ya rangi iachwe.

Oili imwagwe ikiwa ya moto, kwenye beseni safi la rangi nyeupe. Anayetaka sampuli ya maabara aikinge kwenye chupa safi na kavu katikati ya mmiminiko, kwa kuwa oili ya mwanzo hutoka na uchafu wa tundu la nati ya kumwagia oili na ya mwisho hutoka na mashapo. Kabla filta haijakatwa, iandikwe kwa kalamu isiyofutika namba ya gari, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi na tarehe. Isikatwe kwa grenda wala kwa msumeno, kwa sababu vyote viwili huzalisha unga wa chuma wa kwao. Tumewahi kuletewa filta iliyojaa vumbi la grenda ikiwa imeambatanishwa na barua ya kumshtaki fundi. Kitumike kikata filta chenye gurudumu la kuzungusha. Karatasi ya ndani itolewe kwa kisu, ikamuliwe kwenye jiliwa katikati ya vibao viwili safi, kisha ikunjuliwe juani na kugeuzwa taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kwani metali humeta pale tu mwanga unapoipiga kwa pembe yake.

Sumaku ivishwe mfuko wa nailoni, ili mfuko ukivuliwa chembe zibaki humo. Kinachonasa ni chuma, ambacho chanzo chake huwa ringi za pistoni, silivu (mfuko wa chuma ambamo pistoni hutembea), kemshafti (mhimili unaofungua vali) au gia. Kisichonasa na cheupe mara nyingi ni alumini ya pistoni. Vipande bapa, laini na vya kijivu ni tabaka la juu la beringi, mchanganyiko wa risasi na bati. Rangi ya shaba nayo ina maana kwamba tabaka hilo limekwisha kuliwa na la chini yake limefikiwa, au kwamba bushi ya koni rodi, mkono wa pistoni, inasagika. Unga mwororo mfano wa grisi nyeusi kwenye nati yenye sumaku si kosa la mtu katika filta ya kwanza, kwa kuwa ringi na silivu zinazoeana. Unga huo unatakiwa upungue katika kila filta inayofuata. Kipande kinachogota kwenye ukucha si cha kawaida hata siku ya kwanza.

Lori moja lililofika kwetu lilikuwa na kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) iliyosagwa upya na beringi mpya, na fundi alikuwa amefanya kazi ya kuridhisha. Filta ya nusu saa ya kwanza ilitoa vipande vya shaba vyeusi, vilivyopondeka kingo, ambavyo havikuweza kuwa vya beringi zile, kwani tulipozifungua tulikuta mikwaruzo tu. Vilitoka kwenye oili kula (kifaa cha kupoza oili) ya zamani, iliyorudishwa ikiwa na mabaki ya injini iliyonoki. Ikumbukwe pia kwamba filta ina vali ya kukwepa: ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi, oili hupita bila kuchujwa hadi kwenye beringi. Oili kula ilibadilishwa pamoja na beringi, na kranki ikaokolewa.

Majibu ya maabara hayaondoi haja ya kukata filta. Kipimo cha spektromita, mashine ya maabara inayopima metali zilizomo kwenye oili, huona vizuri chembe ndogo, takriban chini ya maikroni 10 (sehemu ya mia ya milimita), na hukosa vipande vikubwa ambavyo macho yanaviona. Silikoni ikipanda baada ya ovahoo, isihukumiwe moja kwa moja kuwa ni vumbi, maana gundi ya gasketi nayo huitoa.

Anayekusudia kulalamika aikate filta mbele ya fundi, pande zote mbili zitie saini kwenye bahasha ya chembe, na injini isifunguliwe kwingine kabla ya ukaguzi. Ikishafunguliwa, tutapokea barua, lakini hatutaweza kuthibitisha chanzo. Oili chafu ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko. Kuimwaga mtaroni ni uchafuzi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka faini, kifungo, au vyote viwili kwa mchafuzi.

Vipande vikionekana, injini isiwashwe tena eti isikilizwe, wala isiongezwe oili nzito ili mlio upungue. Gari livutwe hadi karakana likiwa limezimwa.