Akili mnemba haijui bei ya ukumbi wako

Wachumba wengi wanaamini kwamba ukiiambia ChatGPT "nipangie bajeti ya harusi ya watu 300 Dar es Salaam", inakuletea bei halisi za sokoni. Sivyo. Programu hizi za akili mnemba hutunga jibu kwa kufuata mazoea ya maandishi zilizofunzwa nayo, mengi yakiwa ya Kiingereza. Hata zikiperuzi mtandaoni, kumbi nyingi hazitangazi bei huko. Bei hupatikana kwa simu, tena baada ya kubembelezana.

Kwa hiyo geuza kazi: kusanya ankara za makadirio wewe, yenyewe ipange. Hapo inasaidia kweli, ila ieleze desturi zetu. Kadi 180 za mwaliko, kati yake 120 za dabo (watu wawili) na 60 za singo (mtu mmoja), ni watu 300. Usipofafanua, inaweza kuhesabu sahani 180. Kwa sahani ya shilingi 25,000, pengo ni milioni 3. Tenganisha pia ahadi za michango na fedha zilizokwisha kuingia, la sivyo itajumlisha zote kana kwamba ziko mkononi kwa mhazini. Jumla zenyewe zirudie kwa kikokotoo.

Ratiba nayo ikague. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, jambo ambalo ratiba ya mtindo wa Marekani hailitaji. Namba za simu za wachangiaji usiziweke kwenye programu hiyo. Majina ya kwanza yanatosha.