Sigara Baa: Tunamsahau Mhudumu

Kila mjadala wa kupiga marufuku sigara baa unapoibuka hapa Mtwara, sauti zinazosikika ni mbili: ya mvutaji anayedai uhuru wake na ya mmiliki anayehofia kukimbiwa na wateja. Kazi yangu ni afya mahali pa kazi, kwa hiyo ninamtazama mtu ambaye hakuna anayemuuliza, yaani mhudumu. Mteja asiyevuta huvumilia moshi kwa saa mbili kisha akaenda zake, ilhali mhudumu huingia jioni na kutoka usiku wa manane, na malipo ya korosho yanapoanza kutoka, baa hufurika na moshi huongezeka.

Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilieleza kwamba kuvuta moshi wa wengine nyumbani au kazini humwongezea asiyevuta hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30. Ilieleza pia kwamba kutenga meza za wavutaji au kuingiza hewa zaidi hakuondoi hatari hiyo. Panga boi ambalo wenye baa wengi hulitaja kama suluhisho halitoi hewa nje; linaichanganya tu, hata aliyekaa kona ya mbali akapata mgao wake.

Ireland ilipopiga marufuku sigara katika baa zake tarehe 29 Machi 2004, hoja yake kuu ilikuwa kumlinda mfanyakazi. Scotland ilifuata mwaka 2006, na katika mji wa Dundee watafiti waliwapima wahudumu wasiovuta kabla na baada ya sheria: waliokuwa na dalili kama kikohozi na macho kuwasha walipungua kutoka asilimia 79 hadi 47 ndani ya miezi miwili. Sijui dawa ya kifua iwezayo kufanya hivyo kwa gharama ya kibao cha ukutani.

Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inaruhusu kutengwa maeneo ya kuvutia, na hapo ndipo ugumu wetu ulipo, kwa sababu baa nyingi za Mtwara na Lindi ni mabanda ya makuti yenye kuta za kufika kiunoni, na mmiliki husema, kwa haki kiasi fulani, kwamba pale ni nje. Uingereza ilikumbana na swali hilo hilo. Kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka 2007 husema kwamba mahali penye paa huhesabiwa kuwa pamefungwa iwapo nafasi zilizo wazi ukutani hazifiki nusu ya kuta zote, na dirisha au mlango unaoweza kufungwa hauhesabiwi kuwa uwazi. Kwa kipimo hicho, banda la makuti lililo wazi pande tatu lingeruhusiwa. Lakini mvua inapoanza, turubai hushushwa pande zote, na banda lile lile huwa chumba chenye moshi usio na pa kutokea. Kwa maoni yangu, kanuni yetu ihesabu turubai kuwa ukuta hata likiwa limekunjwa. Vilabu vya uraka, pombe ya mabibo, vilivyo chini ya miembe havihitaji hesabu hiyo.

Na hata panaporuhusiwa kuvuta, pasihudumiwe mezani: anayetaka bia nyingine azime sigara, aifuate kaunta mwenyewe.